Nilivyoikatia bima BSA ya babu yenye injini ya Honda

Wakala wa bima alichuchumaa kwenye vumbi la uani kwangu, akawasha tochi ya simu, akasugua ubavu wa injini kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, akasoma namba kwa sauti. Akafungua logibuku, kitabu cha usajili wa pikipiki. Namba hazikufanana. Akasoma ya injini tena, polepole, herufi moja moja. Halafu akanitazama: "Kaka, hii pikipiki ni yako kweli?"

Ni yangu, na kabla yangu ilikuwa ya babu. BSA Bantam D7, pikipiki ya zamani ya Kiingereza. Babu alikuwa karani wa ushirika wa tumbaku huku West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, akizunguka nayo kupima mizigo ya wakulima. Alipofariki ikawekwa stoo, kuku wakafanya tandiko kiota. Nilipoitoa nilitaka kubaki na injini yake ile ile ya kuchanganya petroli na oili, lakini sili za krenki zilikuwa zimekauka, na injini ya aina hiyo ikishavuta hewa pembeni utabadilisha plagi mpaka uchoke. Fundi wangu wa mtaa wa Oli alichoka kabla yangu. Akasema tuweke ya Honda CG125, injini ambayo fundi yeyote hapa Arua anaifungua gizani. Tukaweka. Ya zamani ipo kwenye gunia chini ya kitanda, mke wangu ameshazoea.

Kazi haikuishia kwenye vishikizo vya injini. Bantam gia iko mguu wa kulia na breki ya nyuma kushoto. Honda ni kinyume. Kwa hiyo fundi alitengeneza kikanyagio kipya cha breki kwa nondo, na fimbo inayopita chini ya fremu hadi upande wa pili. Wiki ya kwanza nilikanyaga gia nikidhani ni breki, nusura niingie na pikipiki kwenye kibanda cha rolex, zile chapati za mayai.

Sasa bima. Thadi pati haina shida, unalipa unapewa. Ila watu wengi hawajui kwamba thadi pati ya lazima, ile ya sheria ya 1989, ni ya mtu aliyeumia au kufa. Chombo kilichobonyea hakimo. Ndiyo maana nilitaka bima kubwa, ile inayolipia hata chombo chako mwenyewe, nikaenda kwa kampuni moja yenye tawi hapa mjini. Jina silitaji.

Kwenye fomu kuna swali kama chombo kimefanyiwa mabadiliko. Binamu yangu, dereva wa lori, alinishauri nijaze "hapana" nipumzike. Wakala naye alikohoa kidogo, akasema nikijaza "ndiyo" makao makuu Kampala watasumbua. Nilijaza ndiyo, na walisumbua kweli. Walitaka logibuku ibadilishwe kwanza isome injini mpya: namba, na cc 125 badala ya 173. Hapo nilipoteza wiki tano. Afande mkaguzi wa magari alikagua pikipiki kwa dakika kumi, lakini aliniuliza maswali nusu saa kuhusu injini imetoka wapi, na sikumlaumu, maana injini za wizi ni nyingi. Kilichoniokoa ni kwamba aliyeniuzia alinipa risiti na nakala ya logibuku ya CG yake iliyogongwa. Bila karatasi hizo mbili ningekuwa bado niko kwenye benchi pale nje.

Kwenye kompyuta ya kampuni BSA haikuwepo. Kulikuwa na Bajaj, TVS, Honda, Yamaha, Suzuki. Wakala alitaka kuandika Honda "kwa sababu ya injini". Nilikataa kabisa, kesho ikigongwa wataniambia Honda yangu haina spea za BSA. Ikaandikwa "Nyinginezo", na kwenye karatasi ya nyongeza ya mkataba wakaeleza kila kitu: fremu ya BSA, injini ya CG125 na namba yake, breki iliyohamishwa. Karatasi hiyo moja niliidai mara tatu. Ilikuja na muhuri.

Miezi minne baadaye Prado ilirudi nyuma pale Ediofe ikaiangusha pikipiki ikiwa imesimama. Foku ya mbele ikapinda, madigadi ikakunjamana kama karatasi. Mtathmini alitoka Kampala na kitu cha kwanza alichofanya, kama nilivyotarajia, ni kuinama kwenye injini. Nikampa karatasi yenye muhuri kabla hajanyanyua kichwa. Suala la injini likaishia hapo hapo.

Tulipokwama ni pesa. Waliithamini pikipiki kama boda iliyochakaa: miaka mingi, punguza, punguza, punguza. Foku ya Bantam inaagizwa nje, wao wakaweka bei ya foku ya Boxer, Bajaj ya bodaboda. Kile kikanyagio cha nondo, ambacho fundi alikipigia nyundo siku mbili, waliandika sifuri. Baada ya barua mbili na safari moja ya usiku kwa basi hadi Kampala walipandisha, nikapata kama theluthi mbili ya gharama yangu, tena baada ya kukatwa ile sehemu ya kwanza ambayo mwenye bima anabeba mwenyewe. Kosa langu hapo ni kutodai thamani ya makubaliano iandikwe mkatabani tangu mwanzo, ile inayotajwa kwa shilingi na kutiwa saini na pande zote.

Kwa wakala sina neno, simu yake inapokelewa hata Jumapili. Idara ya madai ningewapa mbili kwa tano.

Mkataba unaisha mwezi ujao. Nimemtafuta mthamini wa kujitegemea aandike ripoti yenye picha, na nimemwambia wakala bila shilingi zile kuandikwa silipi. Amejibu kwamba amewauliza Kampala, na Kampala wameuliza BSA ni pikipiki ya China ya mwaka gani.