Chaneli chache ninazotazama, lundo ninalolipia: uzoefu wangu na king'amuzi

King'amuzi chenyewe sina ugomvi nacho. Picha ni safi, haigandi isipokuwa mvua ikichachamaa, rimoti imeanguka mara nyingi na bado inafanya kazi, na malipo yakipita chaneli zinafunguka bila kusumbuana na mtu. Kinachonikera ni orodha ya chaneli. Kabla sijaufikia mpira napita mahubiri, maduka ya kwenye televisheni, mitindo, katuni za watoto ambao kwangu hawapo, na chaneli za lugha nisizozielewa. Ninazotazama kweli ni mpira, habari na moja ya makala za wanyama. Dada yangu ninayekaa naye ana tamthilia zake. Nyingine zote zipo tu. Tena hali hii si yangu peke yangu: Nielsen, kampuni inayopima watazamaji wa televisheni, walitoa takwimu mwaka 2014 kwamba nyumba ya wastani Marekani ilikuwa inapokea chaneli 189, na zilizotazamwa zilikuwa 17.

Nikawaandikia huduma kwa wateja kuuliza kama naweza kulipia hizo zangu tu. Jibu likaja haraka na kwa adabu: ndugu mteja, chaneli haziuzwi mojamoja, tafadhali chagua kifurushi kinachokufaa. Nikauliza kwa nini. Nikatumiwa orodha ileile ya vifurushi. Basi nikaamua kulichimba mwenyewe, na niliyoyakuta yamehamisha lawama zangu kutoka mahali zilipokuwa.

Mitambo si kisingizio. Enzi za kebo ya analojia, kumzuia mteja asipate chaneli fulani kulimaanisha fundi aende kufunga kichujio kwenye waya wake. Siku hizi setilaiti inamwaga mawimbi yaleyale kwenye kila dishi, chaneli zikiwa zimefungwa, na king'amuzi kinaambiwa kifungue zipi kulingana na ulicholipia. Kwa hiyo wangeweza kuniuzia moja. Ila pia, ile chaneli ya mahubiri ikishakuwa angani, kunifungulia mimi hakuwaongezei gharama ya maana ya kuirusha. Hesabu yote inaanzia hapo.

Chukua mimi na dada. Tuseme mimi niko tayari kulipa 10 kwa mpira na 3 kwa tamthilia; yeye 10 kwa tamthilia na 3 kwa mpira. Mtoa huduma akiuza kila chaneli kwa 10, mimi nanunua mpira, dada ananunua tamthilia, anakusanya 20. Akishusha bei hadi 3 sote tunachukua zote mbili, lakini anapata 12 tu. Sasa azifunge pamoja kwa 13: kila mmoja wetu anakubali, anaondoka na 26, na sote tuna chaneli mbili. Ladha zetu zinapingana, lakini tukizijumlisha tunafanana, na mfanyabiashara anapenda wateja wanaofanana kwa sababu bei moja inawatosha wote. Mchumi George Stigler alilieleza jambo hili mwaka 1963, akizungumzia kampuni za filamu zilizokuwa zikiviuzia vituo vya televisheni filamu kwa mafungu. Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuwa imeipiga marufuku biashara hiyo mwaka mmoja kabla.

Angalia lakini nani kabeba faida kwenye mfano wangu. Ni mtoa huduma. Mimi na dada tumelipa mpaka senti ya mwisho tuliyokuwa tayari kuitoa. Kwa hiyo mtu akikwambia kifurushi ni zawadi kwa mteja, muulize zawadi kwa nani.

Hata hivyo mtoa huduma naye ana mabwana zake. Kampuni moja inaweza kumiliki chaneli nyingi, na ile yenye mechi kubwa haitoki peke yake: ukiitaka, chukua na wenzake wasio na watazamaji. Mwaka 2013 kampuni ya kebo ya Cablevision iliishtaki Viacom, mmiliki wa chaneli nyingi, huko Marekani kwa malalamiko ya namna hiyo, na kesi ikaishia kwa makubaliano mwaka 2015. Mwaka huohuo wa 2015 mtoa huduma mwingine wa huko, Verizon, alijaribu kuuza vifurushi vidogo ili mteja asiyetaka vya michezo aviache, na ESPN, wenye chaneli za michezo, wakampeleka mahakamani wakidai mkataba umevunjwa. Chaneli inayoishi kwa matangazo ya biashara inataka kuwa ndani ya kila nyumba, hata nyumba isiyoifungua kamwe.

Nilichokuwa nakitamani kimeshajaribiwa kwa nguvu ya serikali. Kanada iliwalazimisha watoa huduma kuanzia Machi 2016 wawe na kifurushi cha msingi kisichozidi dola 25, na kufikia Desemba mwaka huo waruhusu pia kuongeza chaneli mojamoja. India, chini ya TRAI, mdhibiti wake wa mawasiliano, ilianza utaratibu kama huo Februari 2019: rupia 130 kabla ya kodi kwa chaneli 100, kisha unajazia za kulipia kwa bei ya kila moja. Kulikuwa na kikomo cha rupia 19 kwa chaneli inayotaka kuwekwa kwenye fungu, na chaneli nyingi kubwa zikajipanga palepale kwenye kikomo. Wengi waliochagua kadhaa wanazozipenda waliona bili inapanda badala ya kushuka, na Januari 2020 TRAI ikabidi irekebishe kanuni.

Wachumi Gregory Crawford na Ali Yurukoglu walishalipigia hesabu mwaka 2012 kwa soko la Marekani: chaneli zikiuzwa mojamoja, bei ambayo wenye chaneli wanawatoza wasambazaji ingepanda takribani maradufu, na nafuu ya mtazamaji ingeyeyuka. Inaeleweka. Chaneli ya mpira ikipoteza nyumba zisizopenda mpira, gharama ya haki za matangazo inabaki vilevile, na inatuangukia sisi mashabiki. Ni kama gazeti: ukurasa wa michezo ukiuzwa peke yake hautakuwa na bei ya karatasi moja.

Kwa hiyo siulilii tena uuzaji wa mojamoja. Ninacholalamikia sasa ni ngazi. Mtoa huduma wangu amezigawa mechi: nyingine ziko kifurushi cha kati, zile kubwa kaziweka cha juu kabisa, pamoja na rundo la filamu ambazo sijaziomba. Hapo hakuna cha kuchanganya ladha za watu. Ni kumvuta shabiki apande ngazi nzima kwa ajili ya chaneli moja. Kama angekuwa na nyongeza ya michezo ya kupachika juu ya kifurushi chochote, hata kwa bei kali, ningeilipia bila kununa. Nimewaandikia hivyo. Bado naletewa orodha ya vifurushi.

Nampa nyota tatu kati ya tano. Picha na uharaka wa kufungua chaneli vinazistahili. Mtu anayefikiria kujiunga, asiangalie idadi ya chaneli kwenye tangazo. Atafute ligi anayoifuata iko ngazi ipi, kisha aulize sharti la kushusha kifurushi. Kwangu, ukishusha katikati ya mwezi siku zilizolipiwa bei ya juu hazirudi, kwa hiyo ligi ikienda mapumziko nasubiri malipo yaishe ndiyo nishuke.