Founders Online na uchaguzi wa Marekani wa 1800: uzoefu wangu

Wadau, kama unapenda historia ya siasa na umechoka kusimuliwa juu juu, ingia Founders Online, tovuti ya hifadhi ya nyaraka ya taifa ya Marekani yenye barua za waasisi wa nchi hiyo, kina Adams, Jefferson na Hamilton. Ni bure, hakuna kujisajili, nyaraka zaidi ya 180,000, na kwa vile ni maandishi tu hailambi bando. Nimeitumia kufuatilia uchaguzi wa 1800 na naipa nyota zote tano.

Unachagua mwandishi, unaweka tarehe, mfano Desemba 1800 mpaka Machi 1801, halafu unaona mambo yanavyoharibika barua kwa barua. Na yaliharibika kweli. Kipindi hicho rais anachaguliwa na wajumbe wa majimbo, na kila mjumbe anapiga kura mbili bila kusema ipi ya rais ipi ya makamu, basi Jefferson na mgombea mwenza wake Aaron Burr wakatoka sare, 73 kwa 73, Rais Adams aliyekuwa madarakani akapata 65. Burr hakujitoa. Ikaenda Baraza la Wawakilishi, majimbo 16 kila moja kura moja, zinatakiwa 9, Jefferson ana 8, wakaanza tarehe 11 Februari wakarudia wakarudia mara 35 mshindi hakuna.

Hapo ndo barua zinanoga. Tarehe 15 Jefferson anamwandikia Monroe, gavana wa Virginia, kwamba wapinzani wake, yaani chama cha Adams (Federalist), wameambiwa wazi, wakipitisha sheria ya kumkabidhi serikali mtu mwingine majimbo ya kati yatashika silaha, hawatavumilia hata siku moja. Yaani nchi changa ilifika hapo! Halafu rudi nyuma kwenye barua ya Hamilton ya 16 Januari kwa James Bayard, mbunge pekee wa Delaware, kwa hiyo kura ya jimbo zima ni yake; wote wawili ni wa chama cha Adams. Hamilton hampendi Jefferson kabisa na humo humo anamponda, ila anamwona Burr ni hatari zaidi, mtu wa kujitafutia makubwa tu. Bayard, aliyekuwa akimpigia Burr, ndo alikuja kulegeza, raundi ya 36, tarehe 17 Februari, Jefferson akapata majimbo 10. Adams hakuhudhuria kuapishwa, aliondoka mjini alfajiri ya 4 Machi, lakini aliondoka, chama kimoja kikakipisha kingine bila risasi, kwangu hilo ndo zito kuliko yote.

Kuna kitu kinaniuma na lazima nikiseme. Majimbo ya kusini yalipewa wajumbe zaidi kwa kuhesabu watumwa, kila watano kama watu watatu, na hao watumwa kura hawana. Wanahistoria wengi wanasema bila hiyo nyongeza Adams angeshinda.

Kiingereza chake ni cha zamani, sentensi ndefu, soma pamoja na maelezo ya wahariri ya chini, yanasaidia sana. Anza na hizo barua mbili, ya Jefferson na ya Hamilton, ukimaliza nenda za Adams na Jefferson kuanzia 1812 walipopatana tena, hizo utakesha nazo.