VINCheck ya NICB: ni ya bure kweli, ila ujue majibu yake yanatoka wapi

Mdogo wangu, tunaishi naye hapa Columbus, Ohio, alipata Corolla ya 2012 kwa mtu binafsi. Nikamwambia asitoe hata senti kabla hajanipa namba ya chesisi (VIN), ile ya herufi na tarakimu 17 inayosomeka kwenye kioo cha mbele upande wa dereva. Mwaka juzi niliumia kwenye tovuti nyingine iliyojiita ya bure: unaingiza namba, inazunguka weee, mwisho inadai kadi ya benki.

VINCheck, tovuti ya kukagua namba hiyo, haidai kadi. Ni ya NICB, taasisi ya kampuni za bima za Marekani inayopambana na wizi wa magari na udanganyifu. Unaruhusiwa kutafuta mara 5 kwa saa 24. Jibu likaja: hakuna rekodi. Mdogo wangu akashaanza kushangilia, nikamtuliza. Kinachoonekana pale kimeletwa na kampuni za bima wanachama tu: gari lililolipiwa madai ya wizi na halijapatikana, au lililofutwa na bima baada ya ajali au mafuriko. Mwenye bima ndogo akigonga mti, akamlipa fundi kutoka mfukoni, bima itajulia wapi?

Kwa hiyo tukaingia pia NHTSA, idara ya serikali ya usalama barabarani, nako ni bure. Huko taarifa zinatoka kwa watengenezaji wenyewe. Namba yetu ilianza na 2, maana yake limetengenezwa Canada, na herufi ya kumi ilikuwa C, yaani modeli ya 2012. Muuzaji hakudanganya. Ila upande wa magari yaliyoitwa kurudishwa kwa matengenezo tulikuta eabegi ya abiria (mfuko wa hewa unaofumuka gari likigonga), ya kampuni ya Takata, haijabadilishwa. Eabegi hizo zimeua watu! Kwa wakala wa Toyota inabadilishwa bila malipo.

Historia ya hati ya umiliki na kilomita huipati bure kwenye tovuti hizo mbili. Hiyo iko NMVTIS, mfumo wa kitaifa wa taarifa za hati za magari, ambako majimbo, bima na wauza vyuma chakavu hupeleka taarifa, nawe unainunua kwa dola chache kwa wauzaji walioidhinishwa. Tuliinunua, hati ikawa safi.

VINCheck naipa nyota 4. Corolla iko nje hapa, na Jumanne inakwenda kubadilishwa eabegi. Mpaka siku hiyo nimekataza mtu kukaa kiti cha mbele cha abiria.