Hereni ya kielektroniki kwenye ranchi kubwa: inafaa, ila anza na koleo

Kwa mwenye ng'ombe 15, hereni ya serikali, ile inayovikwa sikioni ili kumtambua mnyama, ni shughuli ya asubuhi moja. Kwa mwenye ng'ombe 2,000 ni mradi wenye bajeti, watu na kalenda yake, na hapo ndipo ubora na udhaifu wa kifaa hiki unapoonekana. Sheria ya Tanzania ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo ya 2010 ilishasema mnyama atambuliwe na asajiliwe. Kampeni ya chapa ya moto ya 2017 ilikuwa njia ya kwanza kubwa ya kuitekeleza, hereni ikafuata, na Juni 2025 kampeni ya chanjo na utambuzi ilizinduliwa Bariadi, Simiyu. Hapa tunapima hereni yenyewe pamoja na huduma inayoizunguka, kwa jicho la ranchi kubwa.

Kwanza kifaa. Ndani ya ile duara ya plastiki kuna chipu na koili ya waya, bila betri. Kisomaji kikikaribia, wimbi lake la kilohezi 134.2 linaiamsha chipu nayo inataja namba ya tarakimu 15. Tarakimu tatu za mwanzo ndizo za kuangalia kabla hujafungua pakiti nzima: 834 ni Tanzania, 404 ni Kenya. Ukiona inaanzia 900 na kuendelea, hiyo ni namba ya mtengenezaji, si ya nchi. Itasomeka vizuri kabisa, lakini hakikisha kwa afisa mifugo wa wilaya kwamba inakubalika kwenye daftari la taifa kabla hujaipachika sikioni. Kuitoa baadaye ni kulitoboa sikio mara ya pili.

Jambo linalowachanganya wengi ni simu. Simu yenye uwezo wa kusoma kadi za malipo haisomi hereni hizi, kwa sababu masafa ni tofauti kabisa. Unahitaji kisomaji cha mkono chenye fimbo, kinachotuma namba kwenye simu kwa bluetooth. Cha kawaida kinasoma kwa sentimita 20 hadi 30, kwa hiyo anayesoma anasimama karibu na kichwa cha ng'ombe. Asitegemee kusoma akiwa juu ya ukuta wa zizi. Chipu zipo za aina mbili, HDX na FDX-B; za HDX kwa kawaida husomeka mbali kidogo, na ranchi inayopitisha ng'ombe mbiombio kwenye mizani itaiona tofauti hiyo. Kisomaji cha ukutani kinafunika njia ya upana wa karibu mita moja, ila kifungwe kwenye mbao au plastiki. Ukikifunga kwenye mabomba ya chuma ya krashi (kizimba chembamba cha kumbana ng'ombe), chuma kinameza wimbi na utalaumu hereni isiyo na kosa. Jenereta na mota ya pampu ya josho zikiwa jirani huleta shida ileile. Na wanyama wawili wakibanana mbele ya kisomaji, mara nyingi hasomeki hata mmoja. Njia iwe ya ng'ombe mmoja mmoja.

Sasa koleo, kifaa cha kubania hereni sikioni, kwa sababu hereni nyingi zinazodondoka zimedondoshwa na koleo. Kila aina ya hereni ina urefu wake wa msumari, na koleo la aina nyingine linaupinda nusu milimita tu. Hereni inaingia, inalia "tak", kila mtu anaridhika, na baada ya miezi mitatu imebaki kwenye mgunga. Jaribu hivi: vika hereni moja ya majaribio kwenye kipande cha kadibodi nene. Msumari ukitokea katikati ya tundu na sehemu mbili zikizunguka bila kukwama, koleo linafaa. Ukitokea kando, rudisha koleo dukani.

Uvishaji wenyewe ni hivi. Ng'ombe yuko ndani ya krashi, kichwa kimeshikwa. Sehemu yenye chipu inakaa upande wa ndani wa sikio, msumari unaingilia nyuma ya sikio. Pitisha kidole utafute migongo miwili ya gegedu inayokwenda kwa urefu wa sikio; tundu linakaa katikati yake, karibu na kichwa kuliko na ncha. Ukitoboa kwenye mgongo wa gegedu damu inatoka nyingi na kidonda kinachelewa. Ukitoboa karibu na ncha, hereni inaning'inia na kunaswa. Chovya msumari kwenye iodini kila mara, si kwa wa kwanza tu. Bana kwa mkupuo mmoja, kisha achia haraka mnyama asivute sikio na koleo likiwa bado limeuma. Ndama wachanga waache wakue wiki kadhaa, na ubakize nafasi kati ya plastiki na ngozi, kwa kuwa sikio linanenepa na hereni hainenepi.

Msimu una uzito kuliko watu wanavyodhani. Wakati wa masika nzi ni wengi na kidonda kidogo kinaingia funza. Kiangazi kinapoanza, asubuhi kabla ya jua kali, ndio wakati wake. Baada ya siku 7 hadi 10 pitisha kundi tena uangalie masikio. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo inayookoa masikio.

Gharama. Bei iliyotangazwa zoezi lilipoanza ilikuwa shilingi 1,750 kwa ng'ombe na 1,000 kwa mbuzi na kondoo. Kwa bei hiyo ng'ombe 2,000 ni shilingi milioni 3.5. Ongeza asilimia 5 ya akiba kwa zitakazoharibika, yaani hereni 100. Ila hereni ndio sehemu nafuu. Kisomaji, krashi imara na siku za kazi ndivyo vinavyokula fedha: timu ya watu wanne yenye krashi nzuri inayohudumia ng'ombe mmoja kwa dakika moja na nusu itafanya 40 kwa saa, kwa hiyo 2,000 ni saa 50, karibu siku tisa za asubuhi ndefu.

Upande wa huduma ya serikali, alama zetu ni za kati. Wazo ni sahihi: ukiibuka ugonjwa wa miguu na midomo au homa ya mapafu, namba inaonyesha ng'ombe alitoka kundi gani, na kibali cha kusafirisha mifugo kinakuwa na kitu cha kulinganisha badala ya "ng'ombe 30 wekundu". Chapa ya moto haikuwa na uwezo huo. Iliitambulisha wilaya, si mnyama mmoja mmoja, na ilichoma ngozi ambayo kiwanda kingeinunua kwa daraja la juu. Botswana ilianza na kidonge cha chipu kinachomezwa na kukaa tumboni, kisha ikahamia hereni. Uruguay inavika mbili tangu 2006, moja ya macho na moja ya chipu. Hilo la pili tungelipenda hapa, kwa sababu hereni moja ikidondoka ng'ombe anarudi kuwa hana jina.

Penye kasoro ni baada ya kuvika. Usajili unasisitizwa kuliko ufutaji. Ng'ombe anayekufa, anayeibwa au anayechinjwa lazima namba yake ifungwe, la sivyo baada ya miaka mitatu ranchi yenye ng'ombe 1,600 inaonekana kwenye mfumo ina 2,300, na mkaguzi atauliza 700 wako wapi. Weka daftari la karatasi lenye safu nne tu: namba, tarehe, kilichotokea, nani ameshuhudia. Lijaze siku hiyohiyo, kisha peleka taarifa wilayani kila mwezi. Machinjioni, sikio likatwe na hereni yake ihesabiwe kabla kichwa hakijaondoka, na msumari wake ukatwe papo hapo.