Toyota IST cc 1300 kati ya Arusha na Moshi: mafuta inayokula kweli

Natumia IST yenye injini ya 2NZ-FE, gia otomatiki. Ndani ya Arusha inanipa kilomita 10 hadi 11 kwa lita. Safari ya Moshi, kwenda na kurudi, 15. Kwa gari la umri huu naridhika nalo, mradi likae sawa.

Kwanza kipimo, maana hapa ndipo watu wanadanganyana. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA) uko mita 894. Ukitoka Tengeru hadi njia panda ya KIA, kwa jumla unateremka, hivyo anayepima kwenda peke yake anapata namba tamu isiyo ya kweli. Pima kwenda na kurudi. Jaza hadi bunduki ya pampu ikate yenyewe mara ya kwanza, usikubali kuongezewa, kisha rudisha trip (kihesabu cha kilomita za safari) kwenye sifuri. Ukirudi, jaza kwa pampu ileile, kwa namna ileile. Kilomita 162 gawa kwa lita 10.8: ni 15. Mshale wa dashibodi si kipimo, wala taa ya mafuta.

Angalia na saizi ya tairi. Ukitoa 185/65R15 ukafunga 195/65R15 ili gari linyanyuke, tairi imekuwa kubwa kwa takriban asilimia 2, na dashibodi inahesabu kilomita pungufu. Utailaumu injini bure. Upepo fuata kibandiko cha mlango wa dereva, pima asubuhi tairi zikiwa za baridi.

Sasa thamostati, yaani vali inayozuia maji ya kupozea yasizunguke kwenye rejeta hadi injini ipate joto. Hili naliweka juu ya yote. Mafundi wengi huitoa wakisema gari lisichemshe. Injini isiyo nayo haifiki joto lake, hasa asubuhi za Juni na Julai hapa Arusha, na kompyuta ikiona injini bado ya baridi inaendelea kuongeza petroli. Oili nayo inabaki nzito. Chomeka kifaa cha OBD (kinachosoma kompyuta ya gari) usome joto la maji: likishatulia linatakiwa kuwa kati ya nyuzi 80 na 95 hivi. Likishuka hadi 65 ukiteremka Usa River, thamostati haipo au imekwama wazi. Funga mpya pamoja na mpira wake, jaza kulanti (kimiminika maalumu cha kupozea injini) badala ya maji ya bomba, toa hewa yote kwenye mfumo. Kama gari linachemsha, tafuta chanzo: rejeta iliyoziba, feni, mfuniko uliochoka.

Kwenye mteremko, acheni kupiga free, yaani kuweka gia ya N gari likiteremka. Ukiwa kwenye D na mguu umetoka kwenye pedeli, nozeli zinakata petroli kabisa, magurudumu ndiyo yanayozungusha injini. Ukiweka N, injini inarudi kula ili isizimike, na breki zinabeba mzigo wote peke yake. Ni hatari na ni hasara.

Breki zinazobaki zimeshika bila kukanyagwa nazo hula mafuta, na mara nyingi hazipigi kelele. Baada ya kilomita kumi za njia iliyonyooka bila kukanyaga breki sana, sogeza kiganja karibu na kila rimu. Moja ikiwa ya moto kuliko mwenzake wa upande wa pili, huenda pini za kalipa (sehemu inayobana pedi za breki) zimekauka au pistoni yake imekwama. Chujio la hewa ni kazi ya dakika tano, na kwa vumbi la barabara zetu za ndani halifiki muda ulioandikwa kitabuni.

Oili ni ya uzito wa 5W-30. Ile 20W-50 inayosifiwa kuwa "inalinda injini" inaifanya injini ndogo kama hii isukume uji kila asubuhi. Kama injini yako tayari inakula oili, hapo ni shauri jingine, mwone fundi kabla ya kubadilisha uzito.

Vidonge vya kutia kwenye tanki na sumaku za kufunga kwenye bomba la petroli sivipendekezi kabisa. Fedha hiyo nunua thamostati.