Tahadhari: muuzaji wa majiko ya kuni Njombe anayebandika lebo ya umbali wa uongo

Ndugu zangu mnaoishi Njombe, Makete na Mufindi, ambako baridi ya Juni na Julai humfanya kila mtu atafute namna ya kupasha nyumba joto, naomba mjihadhari na muuzaji anayetangaza kwenye makundi ya WhatsApp majiko ya chuma ya kuni kwa shilingi 680,000, pamoja na bomba la moshi na kazi ya kufunga. Jiko lenyewe limechomelewa vizuri na mlango wake unafunga sawasawa. Ubaya uko kwenye karatasi iliyobandikwa mgongoni, inayodai kwamba linaweza kukaa sentimita 15 kutoka ukuta wa mbao.

Fundi wake alilifunga sebuleni kwangu, ambako kuta nimezipiga mbao za paini, akapitisha bomba la bati la tabaka moja darini na kuziba pengo kwa vipande vya gunia. Siku ya tisa mke wangu aliuliza ni nini kinachonukia utomvu. Niliweka kiganja ukutani nyuma ya jiko nikashindwa kuhesabu hadi tano, na ubao uliokuwa mweupe ulikwisha kugeuka rangi ya karanga za kukaanga. Nilipopanda darini na tochi nikakuta bomba liko vidole viwili tu kutoka kwenye kenchi, na gunia limeanza kuwa jeusi. Muuzaji nilipompigia alijibu kwamba mbao mpya hutoa harufu, itaisha yenyewe.

Jibu hilo ni la hatari kuliko karatasi yake. Mbao mpya huhitaji joto kali sana ili ishike moto, lakini mbao inayobanikwa kila jioni kwa miezi hugeuka taratibu kuwa kitu cha jamii ya mkaa, ambacho huwaka kwa joto la chini zaidi. Kwa hiyo nyumba yaweza kupita msimu wa kwanza salama, ikaungua msimu wa pili kwa moto uleule wa siku zote.

Jiko lililopimwa maabara huwa na kibao kilichofungwa imara, chenye jina la mtengenezaji, namba ya toleo, jina la maabara, na umbali wa nyuma, wa ubavuni na wa konani. Karatasi ya huyu bwana haina hata kimoja kati ya hivyo isipokuwa namba 15, na jirani yangu aliyenunua jiko kubwa zaidi ya langu alipewa karatasi ileile. Kwa jiko lisilopimwa, kiwango cha Marekani cha NFPA 211 hutaka sentimita 91 kutoka kitu chochote kinachoweza kuungua, na sentimita 46 kwa bomba la tabaka moja, ambalo kwa vyovyote haliruhusiwi kupenya dari. Hapo hutakiwa dohani ya tabaka mbili yenye kizuia joto katikati.

Nilipombana alikubali kuja kupigilia ubao wa saruji moja kwa moja juu ya mbao. Nilikataa, kwa sababu saruji hupitisha joto hadi nyuma yake, na ubao ungeendelea kubanikwa mahali ambapo jicho halifiki. Kinga ya kweli ni karatasi ya chuma iliyoachiwa nafasi ya sentimita 2.5 kutoka ukutani kwa vishikizo visivyoungua, ikiwa wazi chini na juu ili hewa baridi ipande nyuma yake. Kwa kinga ya namna hiyo, sentimita 91 za ukutani zinaweza kushuka hadi 30. (Fundi wake alicheka niliposema habari ya hewa.)

Fedha amekataa kurudisha, akisema jiko limeshatumika, na sasa anatangaza kwa namba nyingine, ingawa picha ni ileile ya jiko jeusi lenye birika la bluu juu yake. Kama umeshalifunga, usiwashe tena kabla ya kupima kwa futi nyuma, ubavuni na darini. Ukikuta ubao umebadilika rangi, uondoe hata kama umepoa. Na ukiona moshi unatoka ukutani, toa watu nje kwanza, kisha piga 114 Zimamoto.