Maumivu ya kisigino: barafu au kunyoosha?
Ile hatua ya kwanza asubuhi, kama umekanyaga msumari, mara nyingi hutoka kwenye utando mgumu unaounganisha kisigino na vidole, uliochoka kwa kubeba uzito. Barafu hutuliza haraka: vaa soksi, viringisha chupa ya maji yaliyoganda chini ya unyayo dakika 10 hadi 15. Ubaridi ukiisha, maumivu hurudi.

Kunyoosha huchelewa, wiki au hata miezi, lakini ndiko ninakokuamini. Kabla hujashuka kitandani, vuta vidole vya mguu kuelekea kwako mpaka unyayo ukaze kama kamba. Hesabu 10, achia, rudia mara 10. Barafu iache kwa jioni, ukishasimama kutwa. Kisigino kikivimba au kikifa ganzi, muone daktari.